Bomba chini ya lami bila kuikata: shajara ya kazi, Nzuguni, Dodoma

10 Agosti 2024: Kwa nini tunapita chini

Maonesho ya Nanenane yamefungwa juzi, magari yamepungua huku Nzuguni, na sasa tunaweza kuanza. Bomba kuu la maji liko upande mmoja wa barabara ya lami ya mtaa, kaya 34 ziko upande wa pili. Miaka yote maji yanavushwa kwa ndoo na kwa toroli. Tunachotaka kupitisha ni bomba moja tu la HDPE (plastiki ngumu) la milimita 63, lakini kati ya bomba kuu na kaya hizo kuna lami ya mita 7, mabega yake na mitaro miwili ya maji ya mvua. Kutoka shimo la kuanzia upande mmoja hadi shimo la kutokea upande wa pili nimepima mita 12.4.

Kibali tumepewa kwa sharti moja: lami isiguswe. Binafsi nalikubali sharti hilo kwa moyo. Nimeona barabara nyingi zilizokatwa kwa ajili ya bomba zikazibwa upya, na mvua mbili baadaye pale pana bonde linalovunja springi za bajaji.

Nilifikiria njia nne. Ya kwanza ni mashine ya kutoboa kwa mlalo, ile mnayoiona ikipitisha nyaya za faiba kando ya barabara. Hutoboa tundu jembamba kwanza, mtu akifuatilia kichwa chake kutoka juu ya ardhi kwa kifaa cha mawimbi, kisha hurudi ikitanua tundu na kuvuta bomba nyuma yake. Bei niliyopewa ni milioni 7.5, kwa sababu mashine itasafirishwa kutoka Dar es Salaam hata kama kazi yenyewe ni ya nusu siku. Ya pili ni nyundo ya hewa inayojitwanga yenyewe ardhini kama fuko. Hiyo haitoi udongo, inausukuma pembeni, kwa hiyo ikipita juujuu lami hutunuka; kanuni ya mafundi ni kina kisichopungua mara kumi ya unene wake. Sikupata ya kukodi. Ya tatu ni kusukuma bomba kwa presha ya maji, njia inayopendwa sana mitaani. Ya nne ni kusukuma bomba la chuma kwa jeki huku udongo ukitolewa kwa ndani kwa keekee, halafu bomba la maji likapita ndani ya hilo la chuma.

Tumechagua ya nne. Kaya zimechanga 80,000 kila moja, jumla 2,720,000.

14 Agosti: Mashimo ya kuchungulia

Kabla ya shimo kubwa tulichimba vishimo vitano kwa mkono, taratibu, kutafuta nyaya. Waya wa faiba tuliupata sentimita 90 chini, nusu mita mbali na pale kilipo kigingi chake cha alama. Anayenakili kazi hii asiamini kigingi.

Udongo: sentimita 60 za juu ni mchanga mwekundu uliolegea. Chini yake ni udongo mwekundu uliokaza kama tofali, na kuanzia mita 1.4 unaanza ule mweupe wenye chokaa, ambao sururu ikiugonga inadunda. Nimeamua mgongo wa bomba upite mita 1.4 chini ya lami, kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili. (Uamuzi huu ulinigharimu. Soma tarehe 3 Septemba.)

19 Agosti: Mashimo mawili tayari

Shimo la kuanzia: urefu mita 3.2, upana 1.2, kina 1.9. La kutokea: mita 1.2 kwa 1.2. Kuta zote mbili ndefu tumezikinga kwa mbao na mihimili ya kukingama, maana mchanga wa juu ule hauna subira. Utepe, uzio, taa ya usiku. Mabomba ya chuma ya inchi 6 tumenunua matatu ya mita 6 na kuyakata vipande vya mita 2 ili viingie shimoni.

20 Agosti: Jaribio la maji, pembeni

Vijana walinisihi tujaribu maji kwanza kwa sababu ni rahisi. Nikasema sawa, lakini si chini ya barabara. Tulichimba vishimo viwili kwenye kiwanja wazi, mita 4 kati yake, tukasukuma bomba la inchi moja lenye maji ya pampu.

Lilipita kwa dakika 25. Kisha tukafukua juu yake kuona ndani. Bomba lilikuwa limepanda sentimita 30 kutoka pale tulipoliingiza, na kulizunguka palikuwa na pango ambalo mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Mchanga wote wa tabaka ya juu ulikuwa umeyeyuka na kutoka na maji. Tulitumia mapipa mawili, lita 400, katika mji ambao mtu anahesabu madumu. Lami ingekaa juu ya pango lile kwa miezi kadhaa bila dalili yoyote, halafu lori la kokoto lipite. Niliwaita vijana wote wanne washuke waingize mikono yao mle. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo la maji.

24 Agosti: Ukuta wa nyuma umekimbia

Leo tumeanza kusukuma, na leo tumeshindwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni jeki yenyewe. Tulikodi ile ya mafuta ya madereva wa malori, ya tani 20, tukailaza. Ikapiga sentimita mbili ikagoma, mpini ukawa mwepesi kama hewa. Nusu saa tulidhani ni mbovu. Ni kwamba jeki ya kusimama ikilazwa na pampu yake ikiwa juu, mafuta hukimbilia upande wa pili na pampu hunyonya hewa. Ilaze pampu ikiwa chini, nayo itafanya kazi.

Mara ya pili ni keekee. Kichwa chake ni bapa la chuma lililokunjwa kama parafujo, na fimbo zake ni za mita 1.5 zikiunganishwa kwa soketi za nyuzi. Ukizungusha mbele, nyuzi zinakaza. Ukizungusha nyuma kidogo kujinasua, zinafunguka, na kichwa kinabaki ndani. Tulikivua kwa ndoana ya nondo, saa moja na nusu. Jioni fundi wa kuchomelea akatoboa kila kiungo na kupitisha boliti.

Mara ya tatu ndiyo kubwa. Jeki inasukuma mbele kwa nguvu ileile inayosukuma nyuma. Nyuma tulikuwa tumeweka mbao za inchi 2, sentimita 60 kwa 60, zikiegemea udongo mtupu. Mpaka mita 1.5 zilivumilia. Baadaye niliona bomba halisogei tena ilhali jeki inafunguka, nikageuka: mbao zilikuwa zimezama ukutani sentimita 7, upande wa chini zaidi kuliko wa juu, na jeki ilikuwa imeanza kuinua pua. Nilipiga kelele kijana aachie mpini. Jeki ikiruka kutoka mahali pake shimoni, haina pa kwenda isipokuwa kwa mtu.

Sasa tunajenga ukuta wa zege: mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 25, nondo za milimita 12 pande zote mbili, na bamba la chuma pale jeki inapogusa. Mifuko 3 ya saruji. Tunausubiri siku saba tukiumwagilia. Jeki mpya ni ya tani 50, kukodi 40,000 kwa siku.

3 Septemba: Bomba limezama

Ukuta umesimama imara, halikutikisika hata kokoto moja. Tulifika mita 6 kwa siku mbili na nusu, nikaanza kuona kazi imelainika.

Kila mita moja nilikuwa nachungulia ndani kwa tochi, na nilipoona duara la udongo mbele nikaridhika. Kuchungulia si kupima. Leo asubuhi nilichukua mpira mwangavu wenye maji, ule mafundi ujenzi wanaohamishia levo, nikaingiza ncha moja hadi mwisho wa bomba kwa ufito. Pua ya bomba iko chini ya mkia wake kwa sentimita 9. Na mteremko unaongezeka: mita mbili za kwanza sentimita moja, mbili zilizofuata tatu, mbili za mwisho tano. Kwa mwendo huo tungepita chini ya sakafu ya shimo la kutokea bila kuligusa.

Sababu ni mbili, na zote ni zangu. Kwanza, bomba lilianza safari likiwa limelala juu ya magogo mawili tu sakafuni mwa shimo. Chochote kilichopinda katika mita ya kwanza, bomba linakibeba mpaka mwisho; halina usukani. Pili, nilimruhusu kijana apitishe keekee mbele ya mdomo wa bomba ili kusukuma kuwe kwepesi. Keekee ina uzito, ikitoka nje ya bomba inainama na kula udongo wa chini. Bomba zito likafuata tundu lililoandaliwa. Tena nilikuwa nimeliweka pale tabaka mbili zinapokutana, gumu upande mmoja na laini upande mwingine, mahali ambapo kitu chochote kinapenda kupotoka.

Tulijaribu kulivuta kwa winchi ya mnyororo. Lilirudi sentimita 40, kisha pingili moja ya mnyororo ikaanza kufunguka mdomo. Nikasimamisha. Tunaliacha.

Mzee mmoja wa hapa, ambaye ujana wake wote amechimba visima, huja kila asubuhi kukaa kwenye kiti chake karibu na uzio. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, kisha akaniambia kwa upole kwamba mji huu jina lake lenyewe ni hilo: kwa Kigogo idodomya ni kuzama, tembo alikuja kunywa maji akadidimia. "Ardhi yetu juu inakuonesha vumbi, mjukuu wangu. Uliza chini yake kuna nini."

Nilimwomba ashuke shimoni na mimi. Alipapasa ukuta kwa kiganja kutoka juu hadi chini, akasimama sentimita 30 juu ya mstari wangu. Akasema hapa udongo ni mmoja, pita hapa. Nilipima: mgongo wa bomba utakuwa mita 1.1 chini ya lami. Kwa bomba la inchi 6 linalotolewa udongo kwa ndani, hilo linatosha. Faiba haiko kwenye mstari mpya, tulihakikisha kwa vishimo viwili zaidi.

5 Septemba: Mkutano

Nimeitisha wote nikawaeleza bomba moja la mita 6 linabaki chini ya barabara. Mama mmoja aliuliza, "Kwa hiyo fundi, hela yetu umeizika?" Nikamjibu ndiyo, mama, sehemu yake nimeizika, na nikaonesha kwa tarakimu ni kiasi gani. Kaya zimekubali kuongeza 30,000 kila moja, 1,020,000. Mimi ujira wangu wa siku zile za kosa sikuuandika.

Bomba lililoachwa tumelijaza. Hili msiliruke. Bomba tupu litaoza, na siku moja barabara italikalia. Tulichanganya saruji, mchanga laini na maji mengi kiasi, tukapitisha mpira mpaka mwisho kabisa na kuurudisha taratibu huku tukimimina, ili hewa isibaki ndani. Mifuko 2.

12 Septemba: Kuanza upya, sentimita 80 mashariki

Tumepanua shimo, tumejenga ukuta mwingine wa zege, na safari hii sakafuni tumemimina zege la sentimita 10 lenye vyuma viwili vya pembe vilivyolazwa sambamba kama reli, urefu wa mita 2.4. Bomba linalala katikati yake. Siku nzima nzima nilishinda na vyuma hivyo: timazi mbili zikining'inia kwenye kamba iliyovutwa kutoka shimo hadi shimo juu ya lami, kisha mpira wa maji, kisha timazi tena. Nimeviinua mbele sentimita moja kwa kila mita, kwa sababu najua sasa bomba litataka kuinama.

Mambo mawili nimeongeza. Mdomoni mwa bomba la kwanza tumezungushia pete ya nondo ya milimita 8, ili tundu liwe pana kuliko bomba linalofuata na msuguano upungue. Na nyuma tu ya pete kuna kitundu kilichochomekwa kimpira cha nusu inchi cha kupitishia kilainishi.

Kilainishi chenyewe: wakandarasi hutumia bentonaiti, udongo unaosagwa kiwandani, unaovimba na kuteleza ukilowa. Udongo mweusi wa mbuga ni wa ukoo huohuo. Ndiyo maana kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu na masika unanasa trekta. Tulileta viroba vinne, tukautwanga, tukauchekecha kwa chekeche ya unga na kuuloweka usiku kucha. Asubuhi ulikuwa kama uji wa ulezi usio na donge, na ukiushika vidole havishikani. Tunauweka kwenye ndoo ukingoni mwa shimo, unashuka wenyewe. Mchanga ukibaki ndani, kimpira kinaziba. Sisi kiliziba mara mbili mpaka tulipochekecha kwa kitambaa.

17 Septemba: Mita 8.2, jiwe

Tofauti ni ya mchana na usiku. Kanuni sasa: keekee haivuki mdomo wa bomba, tunaacha kizibo cha udongo sentimita 10 hadi 15 ndani. Jeki inafungua sentimita 15, tunasafisha, tunarudia. Kila mita, mpira wa maji na kamba, na namba zinaandikwa ubaoni wote wazione. Siku ile ya bomba la kwanza kijana mwenye kilo 70 alikuwa anauning'inia mpini wa jeki. Leo anausukuma kwa mkono mmoja.

Saa nane mchana keekee ikaruka mikononi mwake. Ikatoa mlio mkavu, kama sufuria iliyogongwa. Mzee alikuwa amekwishainuka kutoka kwenye kiti chake. "Hilo ni jiwe la mlima," akasema.

Milima ya mawe inayouzunguka mji huu ina watoto wake chini ya ardhi, na bomba letu limemkuta mmoja. Ukisukuma tu, jiwe litalipindua bomba pembeni au litapasua kiungo. Tulisimama. Fundi wa kuchomelea alichukua tindo ya chuma kigumu akaiunga kwenye bomba la inchi moja na nusu, mita 10, na tukavalisha pete tatu ili ikae katikati. Mmoja akiongoza, mwingine akigonga mkia kwa nyundo ya kilo 8, pigo kumi, kisha robo ya mzunguko, pigo kumi. Ilichukua jumla ya saa tano kwa siku mbili. Vipande vilivyotoka vilikuwa vyekundu na vyeupe, vinang'aa chumvichumvi. Kikubwa kabisa kilikuwa na ukubwa wa ngumi. Bomba lilisogea kulia sentimita 4, nikaliacha lilivyo.

20 Septemba: Limetokea

Vipande vya chuma vilipungua. Nilihitaji mita 12.8 na nilibaki na 12. Kipande cha mita moja nilikipata kwa wauza vyuma chakavu, 45,000, unene uleule.

Saa kumi na dakika ishirini ukuta wa shimo la kutokea ulianza kudondosha vumbi. Kisha ufa wa mviringo. Kisha sahani nzima ya udongo ikaanguka, na pete ya nondo ikatokea ikiwa imeng'arishwa na mchanga mpaka inameta kama ya fedha. Mzee aliomba aiguse. Upotofu: sentimita 6 kulia, 3 juu. Udongo wote uliotoka chini ya barabara ulijaa matoroli 6. Mtaro wa kukata lami ungetoa zaidi ya mita za ujazo 11.

25 Septemba: Kupitisha bomba la maji

Kosa la mwisho. Tuliingiza HDPE moja kwa moja, na lilipotokea upande wa pili lilikuwa na mkwaruzo mrefu unaoshika ukucha. Ndani ya viungo vya chuma kulikuwa na miiba ya kuchomelea. Tulilitoa, tukavuta brashi ya waya na kipande cha grinda kilichofungwa kwenye kamba mara kadhaa, tukakata mita 3 zilizoumia, tukalivalisha pete za mpira kila mita 2 na kulirudisha.

Jaribio la presha: baa 9. Nusu saa ya kwanza geji ilishuka hadi 8.2 na watu wakanitazama. HDPE hutanuka inapojazwa, hilo si kuvuja. Tuliongeza maji mpaka 9 tena, na kwa saa mbili zilizofuata haikushuka. Midomo ya bomba la kinga imezibwa kwa matofali na saruji. Mashimo tumeyafukia kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ikimwagiwa na kushindiliwa.

2 Oktoba: Maji na hesabu

Maji yamevuka leo saa mbili asubuhi.

Mabomba matatu ya chuma 930,000, kipande cha chakavu 45,000. Keekee na fimbo zake 280,000. Jeki ya kwanza 40,000, ya pili siku 8, 320,000. Saruji mifuko 14, 252,000. Nondo, kokoto na mchanga 165,000. Mbao 120,000. Kuchomelea 210,000. Vibarua wanne siku 19 kwa 15,000: 1,140,000. HDPE na viungio 175,000. Jumla 3,677,000. Katika hizo, bomba lililozama peke yake, pamoja na ukuta wa pili, siku za vibarua na za jeki, lilikula 960,000. Zimebaki 63,000 kwa mweka hazina.

15 Desemba: Baada ya mvua kubwa ya kwanza

Kabla ya kuanza kusukuma kila bomba nilipaka nukta za rangi kwenye lami, juu ya mstari wake, tisa kwa jumla, na kuzipima. Leo nimezipima tena baada ya mvua ya usiku. Nukta zote za juu ya bomba jipya ziko palepale. Juu ya lile tulilolijaza, moja imeshuka milimita 2, nitaipima tena Machi. Shimo la kuanzia limeshuka sentimita 6 kwenye kona ya kaskazini, pale tuliposhindilia jioni ya mwisho giza likiingia. Tumeongeza matoroli mawili ya udongo na kulishindilia upya.